Dada, kuhusu kumleta mwanetu huku acheze filamu

Dada, shikamoo. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Unasema kwa kuwa mimi niko Los Angeles, nimchukue mwanetu, ana miaka saba na anajua kuimba na kucheza, nimwingize kwenye filamu atutoe sote. Nikujibu ukweli, maana mimi ni mama yake mdogo.

Kazi yangu unaijua, nahudumia wazee majumbani. Bibi ninayemwogesha asubuhi ana mwanasesere kwenye kabati la kioo, gauni jeupe la vidoti vyekundu, nywele zimeviringwa. Ni sura ya Shirley Temple, yule mtoto aliyekuwa nyota wa filamu za Marekani zamani. Bibi ndiye aliyenianzishia habari zake, mengine nikayasoma kwenye basi.

Shirley alizaliwa Santa Monica, hapa jirani, mwaka 1928. Alianza kazi na miaka mitatu. Kwenye zile filamu za mwanzo, mtoto msumbufu alifungiwa kwenye kibanda cha mafundi sauti, mna pande la barafu, hakuna pengine pa kukaa. Mama yake alimtengeneza viringo 56 vya nywele, havipungui wala havizidi. Hata umri walimpunguzia mwaka mmoja, mwenyewe hajui. Kuanzia 1935 hadi 1938 hakuna mwigizaji Marekani aliyejaza kumbi kumshinda.

Sasa sikiliza hapa. Baba yake alikuwa mtu wa benki, akaacha kazi asimamie fedha za mtoto. Binti alipokuwa mtu mzima akauliza hesabu. Alikuwa ameingiza zaidi ya dola milioni 3. Zilizobaki: 44,000. Hazikuibwa na mgeni, dada. Zililisha nyumba, watumishi, ndugu. Niliposoma hapo nilikumbuka neno lako, "atutoe sote", nikashindwa kuendelea.

Filamu aliziacha 1950, ana miaka 22. Yaliyomwinua baadaye aliyatafuta mwenyewe: mwaka 1972 alijitokeza hadharani kueleza saratani yake ya matiti wakati wanawake wengi walificha, 1974 akawa balozi wa Marekani Ghana, na 1989 yuko Prague, mji mkuu wa Czechoslovakia, balozi tena, utawala wa kikomunisti unaanguka. Namheshimu sana kwa hayo. Alifariki 2014.

Siku hizi California mtoto analindwa zaidi. Lazima awe na kibali, asilimia 15 ya malipo yake inawekwa kwenye akaunti ambayo mzazi haigusi, na siku za shule anasomeshwa saa tatu palepale kazini. Na mzazi au mlezi awepo, amwone au amsikie muda wote. Mlezi huyo ni nani? Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku, na chumba nakodi na wenzangu wawili.

Na hili sijawahi kukwambia. Mwaka juzi nilimpa wakala mmoja wa waigizaji dola 400 ampige picha mwanangu wa kumzaa. Hakupiga simu hata siku moja. Baadaye ndipo nikajua sheria ya huku inamkataza wakala kudai fedha kabla ya kukupatia kazi. Nilikuwa nimezitenga kwa ajili ya dawa za mama.

Ada ya muhula natuma Ijumaa nikilipwa. Mwache aimbe shuleni, anirekodie nimsikie. Ila tafadhali usimwambie kwamba mama mdogo anamtafutia filamu. Akishaambiwa atakaa anaisubiri.