Usimpelekee mfiwa kile kitabu cha kahawa kabla hujampa spoila

Mleta mada hapana. Hiyo hela irudishe mfukoni kwanza.

Umeandika rafiki yako wa kazini kafiwa na mume wiki mbili zilizopita, unataka kumnunulia Before the Coffee Gets Cold, kile kitabu cha Kijapani, sababu kila mtu anasema kinatuliza, halafu mstari unaofuata bila hata aibu unasema wewe mwenyewe hujakisoma, umeona rivyuu tu. Nimesoma hapo nikiwa kwenye daladala nimepitiliza kituo. Na wote waliokutangulia kukujibu hapo juu wanakupongeza, "wazo zuri mkuu", "Mungu akubariki kwa moyo huo". Haya, mimi ndo nitakuwa mchawi wa uzi huu. Najua sheria ya hili jukwaa spoila, yaani kumwambia mtu mapema yanayotokea kitabuni, hairuhusiwi, modi (msimamizi) ukitaka futa, ila soma kwanza mpaka mwisho ndo ufute.

Mwaka 2022 shoga yangu alifiwa na mdogo wake. (Kaniruhusu kuandika, na vitu viwili vitatu nimebadilisha, kwahiyo msianze kutafuta ni nani.) Walikuwa wamenuniana miezi kadhaa, mambo ya kiwanja cha mama yao, mnajua wenyewe. Mdogo mtu akaamua kupanda basi kutoka Ifakara aje Dar wayamalize. Akafika jioni akagonga. Shoga yangu yupo ndani. Kazima taa, kazima na feni ili isisikike, joto lile la Februari, kajikunyata chini ya dirisha anasikia anaitwa "dada... dada". Mtoto wa watu kagonga weee, mwisho kaacha kiroba cha mchele mlangoni kaenda kulala kwa shangazi yao. Asubuhi akapanda basi la kurudi. Kabla ya Chalinze basi likavaana na lori.

Haya aliniambia mimi peke yangu, siku ya pili ya msiba, tumekaa mkekani nyuma ya nyumba. Naomba mkumbuke hiyo, kwamba mimi nilikuwa NAJUA.

Sasa mimi na akili zangu timamu natafuta zawadi ya arobaini. Nikaingia kwa yule dada mwenye ukurasa wa vitabu Insta, simtaji, yule wa mshumaa na kikombe na blanketi, Dar hii, blanketi la nini sijui. Kaweka kitabu cha kahawa kaandika kinaponya roho, utakimaliza unatabasamu na machozi. Nikamuuliza kwenye komenti, dada, kinamfaa mtu aliyefiwa? Akanijibu mioyo mitatu na "kabisaaa". Nikatoa elfu 38 yangu. Kitabu kina hadithi nne, nikasoma mbili za mwanzo, ya mdada anayeachwa na mpenzi wake anayeenda Marekani, na ya nesi ambaye mume wake anapoteza kumbukumbu mpaka hamjui tena kuwa ni mkewe. Hiyo ya nesi nililia vizuri kabisa nikasema ndo hiki hiki. Muda wenyewe ulikuwa hauna, nikakifunga na karatasi ya maua, na kwa mkono wangu nikaandika ukurasa wa mbele: "Kikuponye."

Kwa ambao hamkijui, kuna mkahawa mdogo Tokyo, una kiti kimoja ambacho ukikikalia unarudi siku zilizopita, ila masharti yake sasa. Unaweza kuonana tu na mtu aliyewahi kuingia mkahawa ule. Kitini hutoki. Unatakiwa uwe umeimaliza kahawa kabla haijapoa. Na sharti kubwa kuliko yote, ufanye ufanyavyo huko ulikorudi, ya leo hayabadiliki, aliyekufa kafa. Mwandishi wake Toshikazu Kawaguchi ni mtu wa tamthilia, na hii yenyewe ilianza jukwaani kabla ya kuwa kitabu mwaka 2015, ndo maana karibu kila kitu kinatokea ndani ya chumba kimoja.

Hadithi ya tatu sasa, ambayo mimi sikuifikia. Hirai ni mwanamke ana baa yake pale jirani, alitoroka kwao Sendai hataki kurithi nyumba ya wageni ya wazazi. Mdogo wake, Kumi, kila mara anasafiri kuja Tokyo kumbembeleza arudi nyumbani. Siku hiyo Kumi anaingia mkahawani anamtafuta, na Hirai yumo humo humo, kajificha chini ya kaunta. Kumi anaacha barua anaondoka. Njiani kurudi, ajali ya gari. Anakufa.

Mmeelewa nilichofanya? Nilimbebea mwenzangu dirisha lake na feni yake iliyozimwa, nimevifunga karatasi ya maua, na juu nimeandika kikuponye.

Siku ya tatu saa saba usiku simu inaita.

"Ulikisoma?"
"Nimekisoma."
"Chote?"
"Chote." Ndio, nilidanganya, nipigeni mawe.
"Yule dada aliyejificha chini ya kaunta, ulimfikia?"

Nikanyamaza. Nasikia feni yake inazunguka.

"Kwahiyo ulikuwa unataka kuniambia nini?"

Akakata.

Hapo ndo pa kukaa sana, sababu mimi ilinichukua muda kuelewa. Kilichomuumiza siyo huzuni ya kitabu, huzuni anayo yake ya kutosha hahitaji kuongezewa kutoka Japani. Kilichomuumiza ni kwamba aliona NIMEMPIGA FUMBO. Sisi watu wa kupeana kanga, mtu akikupa kitu kina maandishi unasoma maandishi unatafuta jina lako mle ndani, hakuna anayepewa kanga akasema aah maneno haya yamejiandika tu. Yeye siri ile kanipa mimi peke yangu, siku arobaini baadaye namletea kitabu ambacho dada anajificha, mdogo anakufa, na sharti linasema hakuna kitakachobadilika. Ungekuwa wewe ungesema bahati mbaya? Mimi ningekuja na mwiko.

Wiki iliyofuata mwanae akakirudisha kimefungwa kwenye gazeti. Ukurasa nilioandika haukuwemo. Na haukunyofolewa kwa hasira, ulikatwa kwa rula, umenyooka kabisa, na hiyo rula ndo iliniuma kuliko simu. Miezi saba hatukuongea, tukipishana dukani anaangalia sabuni.

Yule dada wa mshumaa nilimfuata inbox nikamuuliza kistaarabu tu (sawa, siyo kistaarabu sana) kama hadithi ya tatu aliwahi kuisoma. Akaniblok. Mtu anaposti vitabu saba kwa wiki, nilitegemea nini. Hasira zangu zingine ziko kwa wanaotengeneza haya makava, kikombe, dirisha, paka, rangi za pipi, kila kitabu kinaonekana kama kalenda ya kliniki ya meno. Wajapani wenyewe wana neno lao, iyashi, kama kutulizwa moyo hivi, na hadithi nyingi za namna hiyo ni nzuri kweli, sizitukani. Ila mtu anatulizwa kitu gani kama hakuna kilichomuumiza? Chini ya kila kikombe pale kavani kuna jeneza, na kazi yako wewe unayepeleka zawadi ni kujua mle ndani kalala nani.

Wewe uliyeshauri The Travelling Cat Chronicles eti "chepesi, paka anasafiri na bwana wake", bwana wake anaumwa, ana kansa, anazunguka kwa marafiki kumtafutia paka pa kuishi kwa sababu yeye anakufa. Kizuri mno, nimekisoma mara mbili. Sasa kipeleke kwa mjane wa mgonjwa wa kansa ukiwa umesema "chepesi", halafu urudi hapa utuambie. Na uliyetaja Norwegian Wood ya Murakami kama mapenzi ya wanafunzi, ndugu yangu, mle rafiki wa kijana anayesimulia anajiua akiwa na miaka 17, na msichana wanayempenda wote wawili naye anakuja kujiua. Kwetu hapa msiba wa namna hiyo unatangazwa "aliugua ghafla", na wewe mpeleka zawadi umesimama na kitabu mkononi wala hujui unakipeleka nyumba gani.

Tulipatana hivi. Mama yangu alichoka na kule kununiana kwetu akanituma na hotpoti ya ndizi nyama, nikimkosa nisirudi nyumbani. Nimefika nimemkuta barazani na ungo, anachagua mchele. Mchele ule ule, kile kiroba cha mlangoni. Hakuwahi kuupika, umeingia wadudu, kaamua siku hiyo. Nikaweka hotpoti chini nikakaa nikaanza kuchagua naye, hakuna anayesema kitu. Nusu saa hivi ndo akauliza bila kuniangalia, "siku hizi unasoma nini?"

Wakati huo nilikuwa na Kitchen ya Banana Yoshimoto, kitabu cha 1988 hicho, kidogo tu. Nikamwambia chote. Kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, kila anayekufa. Nikamwambia kuna binti anaitwa Mikage bibi yake amekufa, hana mtu mwingine, analala jikoni pembeni ya friji. Anachukuliwa na kijana Yuichi na mama yake Eriko, ambaye zamani ndo alikuwa baba yake Yuichi, akajibadilisha kuwa mwanamke. Nikamwambia na mapema kabisa kwamba Eriko anauawa. Yuichi anakimbilia nyumba ya wageni huko kujificha na majonzi yake. Usiku Mikage yuko mbali kikazi, anakula wali wa nyama ya nguruwe na yai, mtamu hatari, anaagiza wa pili wa kufungiwa, anapanda teksi usiku ule ule, anaparamia ukuta wa ile nyumba ya wageni mpaka kwenye dirisha la kijana, anamkabidhi chakula.

Shoga yangu akasimamisha vidole. "Yaani teksi usiku wote huo kwa ajili ya kitimoto? Kwani kuku hakuwepo?"

Tukacheka mpaka mchele ukamwagika. Halafu nikamwambia, na hapa moyo unanidunda kweli kweli, mle mle kuna hadithi nyingine fupi, ndani yake kuna ajali ya gari, wanakufa wawili, mmoja alikuwa anampeleka mwenzie stesheni. Nikuambie au niache?

Akachagua punje kama kumi hivi.

"Niambie."

Nikamwambia. Akasema nipe, ila nitakisoma mchana. Alichukua siku nne, na akaanza na hiyo ya ajali. Wiki mbili baadaye akaomba na kile cha kahawa. Nikamwambia ukurasa wa mbele haupo. Akasema, "najua."

Kwahiyo mniite mwehu mkitaka, mfiwa anapewa spoila. Huyu siyo wewe unayesoma kwa raha zako wikiendi. Mwambie nani anakufa, anakufaje, na nani anabaki anajilaumu, mdomoni kwako, kabla hajashika kitabu, halafu yeye ndo aseme nipe au akae kimya, na akikaa kimya unakula elfu 38 yako kimya kimya. Na huwezi kumpa spoila ya kitu ambacho hujakimaliza, kwahiyo mleta mada anza kusoma leo, siyo kirefu, ukikaza siku mbili.

Uliuliza pia pa kupata kwa bei nafuu, na kama vile vinavyoendelea vya kahawa ni lazima vifuatane, na kuhusu tafsiri sijui nini, wengine watakujibu, mimi nimechoka na nina mwendo wa kurudi vituo viwili. PDF sina, msije inbox. Ila mume wa rafiki yako alikufaje? Maana umeandika "kafiwa" tu.