Uliza Fundi wa Kanda: Roki Imeisha Nguvu?

SWALI: Shikamoo mzee. Nilisoma sekondari hapa Nakuru miaka ya tisini, na muziki wa roki tuliujua hata sisi tusioupenda. Juzi nimemkuta mwanangu wa kidato cha tatu akisikiliza bendi moja ya roki peke yake chumbani. Anasema darasani kwao hakuna mwingine anayeijua bendi hiyo. Je, muziki huo umeisha nguvu, au ni sisi tumezeeka?
Baba wa Lanet, Nakuru

JIBU: Marahaba, baba. Kuzeeka tumezeeka, hilo tuliweke kando.

Mimi nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda karibu na stegi ya mabasi, Kisumu. Mwaka 1992 kijana aliyekuwa akisoma Nairobi aliniletea kaseti ya Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, ile albamu iliyomng'oa Michael Jackson kileleni mwa chati ya Marekani Januari mwaka huo. Wateja wangu walikuwa watu wa benga na Kenny Rogers, basi. Nikaipiga kwenye spika ya nje. Mama aliyeuza omena jirani akanijia na ungo mkononi: "Fundi, zima hizo kelele, hata omena zinakataa kukauka!" Sikuzima. Wiki ya tatu nikamsikia akiigiza lile gitaa la mwanzo kwa mdomo, huku anapima omena kwa gorogoro.

Nguvu ya roki ilikuwa hapo. Mlango ulikuwa mmoja. Februari 1964, Wamarekani wapatao milioni 73 waliwaona The Beatles, bendi ya Uingereza, usiku mmoja, kwenye kipindi kimoja cha televisheni. Walioshangilia walikuwemo, na walionuna pia. MTV, kituo cha televisheni cha muziki, ilipoanza Agosti 1981 ikawa mlango wa aina hiyohiyo. Mabawabu wake hawakuwa na haki, maana siku za mwanzo wanamuziki weusi walilalamika waziwazi kwamba wanafungiwa nje. Lakini kilichopita kilimfikia hata asiyekitaka.

Sasa simu inampa kila mtu kile anachokipenda tayari. Nikipanda tuktuk kwenda Kondele, abiria watatu tuna nyimbo tatu masikioni, na dereva ana yake. Si kwamba nyimbo zimekufa. Mwaka 2022 wimbo wa mwimbaji Mwingereza Kate Bush wa mwaka 1985 ulifika namba moja Uingereza, kisa umesikika kwenye tamthilia ya Stranger Things. Mjukuu wangu alinipigia simu kuniuliza kama nimemsikia huyo "msanii mpya"! Wasikilizaji wapo, tena wengi. Anayekosekana ni yule mama wa omena.

Basi Jumapili moja mwambie kijana achomoe hizo spika za masikioni, aufungulie muziki wake sebuleni. Ukikukera, mwambie umekukera. Ila usiende zako chumbani.