Kabla hujauza kifua cha jezi

Msimu wetu wa kwanza kupata mdhamini, mimi ndiye niliyeshughulikia jezi za timu yetu ya mtaa hapa Arua. Muuza saruji mmoja alikubali kutulipa kwa awamu mbili, jina la duka lake likae kifuani. Tukapeana mikono, tukanywa chai, tukaandika karatasi moja tu.

Nikapanda basi hadi Kampala, Nasser Road, kuchapisha. Ili kubana matumizi nilichagua herufi za kubandika kwa pasi badala ya rangi inayoingia ndani ya kitambaa. Kufikia mechi ya tatu, zikiwa zimefuliwa kwa maji ya moto, herufi zilianza kujikunja pembeni. Winga wetu alimaliza kipindi cha kwanza nusu ya jina ikimning'inia tumboni, na mdhamini amekaa pale na wateja wake. Awamu ya pili hatukuiona. Na sikuwa na pa kushika: karatasi yetu haikusema nani anachapisha, kwa njia gani, wala maandishi yawe na ukubwa gani.

Ndugu zangu mnaoongoza timu ndogo, andikeni haya yote. Sentimita ngapi, sehemu gani ya jezi, rangi ipi, seti ngapi, zikichakaa nani anagharamia nyingine. NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, waliporuhusu matangazo kwenye jezi msimu wa 2017/18, kiraka kilipimwa: inchi mbili na nusu kwa mbili na nusu. Kama wenye fedha kiasi kile wanapima, sisi tunaopimia kiganja tunajitafutia ugomvi.

Timu kama URA (ya mamlaka ya kodi), Polisi au KCCA (ya mamlaka ya jiji la Kampala) zina taasisi nyuma yake. Timu ya jamii kifua cha jezi ndiyo shamba lake, ndiyo maana inaniuma kuona kinauzwa kwa haraka.

Someni pia kanuni za ligi kabla ya kusaini, kwa sababu mdhamini wa ligi anaweza kugongana na wenu. Majirani zetu Tanzania waliyaona hayo: kampuni ya GSM ilipoingia kuwa mdhamini mwenza wa Ligi Kuu mwaka 2021, Simba walikataa kuvaa nembo yake, maana GSM ndiyo inayowafadhili watani wao Yanga. Mwaka uliofuata GSM ikajitoa.

Kampuni za kubeti ndizo zinazobisha hodi kwanza, na nawaelewa wanaokubali. Refa analipwa, basi linahitaji mafuta. Lakini kumbukeni Kenya, mwaka 2019, SportPesa ilipositisha udhamini wake katika mvutano na serikali kuhusu kodi, Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki wakihangaika. Hata klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana kuondoa nembo za kubeti kifuani kuanzia msimu wa 2026/27. Mimi nimekataa moja kwa moja zisivaliwe na watoto wetu wa chini ya miaka 17. Mtoto anavaa jezi ile hadi sokoni anapotumwa na mama yake.

Siku hizi naenda kwa mdhamini na jezi moja ya sampuli. Naifua nyumbani mara kumi, kwa sabuni ya mche na maji ya moto, naianika juani, kisha naiweka mezani kwake kabla hatujagusa kalamu.