Hela ya nyumbani itume Julai

Sisi wenye wazee vijijini Dodoma tunaijua simu ya Januari. Salamu ndefu, habari za wajukuu, mvua "inadondoka dondoka tu", halafu ndipo unatajiwa bei ya debe la mahindi. Unatuma. Haujaisha mwezi, simu imerudi.

Ushauri wangu kwa wenzangu wa mjini: hela hiyo itume Julai, watu wakiwa wametoka kuvuna.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Zikikatika Februari mahindi yakitoa mbelewele, ndiyo basi, hakuna vuli ya kujitetea nayo. Lakini hata hicho kidogo kinachopatikana hakikai. Baada ya mavuno kuna ada, deni la dukani, michango ya harusi. Walanguzi wanalijua hilo. Wanakuja na magari yao na kubeba lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, kwa bei ya gunia la kawaida. Ikifika Januari, mzee ananunua mahindi yaleyale kwa debe, tena kwa hela ya mbuzi. Na mbuzi kakonda, na kijiji kizima kiko mnadani kuuza. Mwaka mmoja mama mdogo alipeleka mbuzi wawili akarudi na debe tatu. Mbuzi haohao Julai wangeleta magunia.

Kwa hiyo siku hizi ada na madeni nayalipa mimi Julai, mahindi yasitoke ndani. Ikibaki chochote, tunaongeza gunia palepale kijijini. Tunahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani; dumuzi anakosa hewa anakufa, dawa haihitajiki. Ila nafaka iwe imekauka kweli. Ukifungia mahindi mabichi unafuga ukungu, na sumukuvu si ya mchezo: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kama lazima mbuzi auzwe, auzwe kipindi hichohicho, dume aliyenona, majike yabaki.

Kuhusu mtama, usiende na hotuba ya mjini. Ni kweli jua likizidi mtama unajikunja na kusubiri mvua, mahindi hayawezi. Lakini mbegu nyeupe kama Macia, yenye ugali mzuri, ndiyo kweleakwelea wanaipenda, na anayeshinda shambani kuamia ndege ni mama na watoto, si wewe. Kwetu tulielewana uwe kipande cha karibu na nyumba, sehemu iliyobaki mahindi. Mzee bado ananung'unika.

Kama kwenu ni Kilimanjaro au Tanga, kwenye vuli na masika, kalenda yangu haitakufaa. Piga simu uulize mahindi yanashuka bei mwezi gani, utume mwezi huo.