Dar hadi Unguja kwa boti ya matanga: panga siku kuanzia mwisho

Anayeanza kusafiri hupanga safari kwa saa ya kung'oa nanga. Wewe anza na saa ya kuitupa. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Mji Mkongwe ni kama maili 40 za baharini, omo, yaani mbele ya boti, ikitazama karibu kaskazini kabisa. Kwa mwendo wa noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, ni safari ya saa 8. Ukitoka saa 12 asubuhi utafika saa 8 mchana, jua likiwa juu bado na rangi za maji zikisomeka: buluu iliyokolea ni kina, kijani hafifu ni mchanga, hudhurungi ni mwamba. Ikishafika saa 11 jioni, ukitazama upande wa Bawe na Changuu, visiwa vidogo mbele ya Mji Mkongwe, maji yanang'aa kama bati jipya na miamba huioni. Usiku ni hatari zaidi, maana ngalawa na nyavu nyingi hazina taa.

Jioni ya kuamkia safari, pata utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na jedwali la maji kujaa na kupwa. Asubuhi washa injini kabla ya kugusa nanga, kisha chungulia bomba la moshi huko tezi, yaani nyuma ya boti: maji yanayopoza injini lazima yatoke. Yasipotoka ndani ya nusu dakika, zima. Mara nyingi ni mwani au mfuko wa plastiki uliokwama kwenye chujio. La sivyo, mabawa ya mpira ndani ya pampu yamekatika. Beba akiba yake.

Wakati wa kusi, upepo wa msimu wa kutoka kusini, upepo unatoka nyuma, na mkondo nao unapanda kaskazini pamoja nawe. Raha hiyo ndiyo inayowaponza wageni. Wimbi likiinua tezi, boti hupinda, upepo huingia upande wa pili wa tanga kuu, na boriti ya chini ya tanga huvuka sitaha kwa kishindo. Ikikuta kichwa cha mtu, inaua. Kwa hiyo usiuache upepo uje nyuma kabisa: geuza omo nyuzi 15 hadi 20, uingilie pembeni mwa tezi. Kisha funga kamba kwenye ncha ya boriti, ipitishe omo, uirudishe hadi kwa mshika usukani ili aweze kuilegeza bila kwenda mbele.

Upepo wa nyuma pia unadanganya. Ukivuma noti 18 nawe unakwenda 6, unahisi 12 tu. Ukigeuza omo kuukabili upepo ili ushushe tanga ndipo unakutana nao wote, na tanga ni kubwa mno. Utabiri ukitaja noti 20, lipunguze tanga mkunjo mmoja ukiwa bado kwenye nanga, kwa sababu kusi la asubuhi huwa pole na mchana hukaza.

Kaskazi, upepo wa msimu wa kutoka kaskazini, ni habari nyingine: upepo unapingana na mkondo, mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama. Upepo ukitoka kaskazini zaidi itabidi ubishe, yaani uende kwa kupinda huku na huku dhidi yake, na maili 40 zinaweza kufika 55. Ongeza saa tatu kwenye hesabu, au ungoje siku nyingine.

Sasa nanga, ambapo makosa ni mengi kuliko kwingine kote. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hupishana mita 3.5 hadi 4. Wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ni karibu mita 1. Tuseme leo ni 3.6. Ukitupa nanga maji yamejaa, kipimo cha kina kikisoma mita 6, maji yakipwa zitabaki 2.4. Mkuku, uti wa chini wa boti, ukizama mita 2 unaachiwa sentimita 40, na wimbi dogo tu linaugongesha chini. Ukitupa maji yamepwa, kipimo kikisoma 5, usihesabu mnyororo kwa hiyo 5. Jumlisha 3.6 za kujaa na mita 1 ya kimo cha omo juu ya maji: 9.6. Zidisha kwa 5: achia mita 48 za mnyororo. Aliyeachia 25 akalala ataburutwa usiku.

Maji hayapandi sawasawa. Saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kupanda ndizo zinazokimbia, kila moja kama sentimita 90 katika hizo 3.6.

Nanga ikishashika, rudi nyuma kwa injini taratibu hadi mnyororo ukaze. Chagua alama mbili za nchi kavu zilizopangana, mnara na mti kwa mfano, uzitazame tena baada ya maji kugeuka, kwa sababu hapo boti huzunguka na nanga huvutwa kutoka upande mwingine.