Jicho la Kushoto Ndilo Mlinzi

Shikamoo mwalimu. Mbwa wangu aligongwa na bodaboda mwaka jana, akapona. Mpaka leo akisikia pikipiki anakimbilia uvunguni. Hofu hii inakaa wapi? (Msomaji, Tabata)

Marahaba, na umpe pole. Ndani ya ubongo kuna viini viwili vidogo vyenye umbo la lozi, kimoja kulia na kimoja kushoto. Vinaitwa amigdala, na hofu ya kujifunza hupitia humo. Watafiti humsikilizisha panya mlio fulani, kisha humpiga shoti ndogo ya umeme miguuni. Baada ya mara chache, mlio peke yake unatosha: panya anaganda, hatikisiki ila kwa kupumua. Katika majaribio ya mwaka 2004, panya walioharibiwa kiini cha kulia walipoteza hofu hiyo zaidi kuliko walioharibiwa cha kushoto. Viini vyote viwili vinafanya kazi, lakini cha kulia ndicho kilichobeba zigo kubwa.

Kwa hiyo mbwa wako hana ukaidi wala uvivu. Yalimkuta, na ubongo wake umeyahifadhi. Nakuomba sana, watoto wasimvute kwa mnyororo kumtoa uvunguni.

Kuku wangu mwenye vifaranga huinamisha kichwa upande, jicho moja likatazama juu. Ana ugonjwa? (Mama mfugaji, Mbagala)

Hapana mama, ni mzima kabisa. Anakagua mwewe, na kunguru hawa wa mjini wanaotumalizia vifaranga. Mtazame kwa utulivu: mara nyingi jicho analolielekeza angani ni la kushoto. Kwa ndege, mishipa ya macho inapishana karibu yote, hivyo jicho la kushoto hupeleka habari upande wa kulia wa ubongo, ulio mwepesi wa kushtukia hatari. Jicho la kulia lina kazi nyingine, kutofautisha punje na changarawe.

Mgawanyo huu huanzia ndani ya yai. Mtafiti Lesley Rogers wa Australia alionyesha kwamba siku za mwisho kabla ya kutotolewa, kifaranga hujikunja jicho la kushoto likafunikwa na mwili wake, la kulia likaelekea kwenye ganda. Mwanga unaopenya ganda unalifikia hilo la kulia. Mwaka 2004, yeye na wenzake walipitisha kivuli cha mwewe juu ya vifaranga waliokuwa wakiokota punje. Waliopata mwanga yaini waliweza yote mawili, kula na kulinda. Waliototolewa gizani walishindwa kuyaunganisha.

Tangu nilipojua hili, nikimwona kuku anayeatamia ananyanyuka kwenda kunywa maji, simfukuzi arudi haraka. Dakika zile mayai yanapata mwanga. Na kama unatumia mashine ya kutotolesha, ningekuwa wewe nisingeifunika gubigubi siku za mwisho.

Ni kweli wanahesabu hutumia ubongo wa kushoto na wasanii wa kulia? (Mwanafunzi, Sinza)

Si kweli. Zipo kazi zinazoegemea upande mmoja, kama lugha inavyoegemea kushoto kwa watu wengi, lakini kila mtu anatumia pande zote mbili.

Mbwa akitikisa mkia si amefurahi? (Msomaji, Kigamboni)

Si kila mara. Mwaka 2007 huko Bari, Italia, watafiti walipima mikia ya mbwa 30. Mbwa akimwona mmiliki wake, mkia uliegemea zaidi upande wa kulia wa mbwa mwenyewe. Akimwona mbwa mgeni mbabe, uliegemea kushoto, upande unaoongozwa na ubongo wa kulia. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho yetu, hivyo usimsogelee mbwa wa jirani kwa kuamini mkia. Tazama pia masikio na mgongo wake.

Mwalimu, ni mimi tena wa Tabata. Je, atasahau?

Hofu hupungua, lakini haifutiki kirahisi. Ivan Pavlov wa Urusi aliliona hili kwa mbwa wake: zoea lililoonekana limezimika lilirudi baada ya mapumziko. Rekodi mlio wa pikipiki kwenye simu, uucheze kwa sauti ya chini kabisa huku ukimpa kipande cha nyama. Akila bila kushtuka, kesho ongeza sauti kidogo. Akiacha kula, umezidisha, punguza. Ukishamaliza chumbani, anza upya uani, kisha barazani, maana utulivu alioupata ndani hautamfuata moja kwa moja hadi barabarani.