Molekuli za maji: hujipanga au hupangwa?

Msomaji anayetafsiri kitabu cha kemia anauliza: "Niliandika 'molekuli za maji hujipanga karibu na uso wenye chaji ya umeme'. Mhariri amefuta 'hujipanga' akaweka 'hupangwa', kwa hoja kwamba molekuli haina akili. Nani yuko sahihi?"

Rudisha "hujipanga". Kiambishi -ji- hakidai akili. Twasema mlango umejifunga, mafuta yamejitenga na maji, wala hakuna anayedhani mlango umeamua jambo. Kinachoelezwa ni kuwa tendo limetokea bila mkono wa mtu.

"Hupangwa" si kosa la sarufi, ila kauli ya kutendwa humfanya msomaji aulize: na nani? Ukijibu "na uso wenye chaji" umesema sehemu tu ya kweli. Uso huvuta, ndiyo, lakini kila molekuli imeshikana pia na jirani zake kwa bondi za haidrojeni (haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya nyingine), na joto haliachi kuzitikisa zote. Mpangilio unatokana na mvutano huo wote, na "hujipanga" inaubeba bila kumtaja mtendaji mmoja.

Kasoro ninayoiona mimi ni nyingine: sentensi yako haisemi zinajipanga vipi, na hapo ndipo penye utamu wa somo lenyewe. Molekuli ya maji imepinda. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, upande wa haidrojeni una chaji chanya kidogo. Kwa hiyo uso ukiwa na chaji hasi, haidrojeni ndizo huuelekea. Ukiwa na chaji chanya, oksijeni ndiyo huugeukia. Mwaka 1994 vipimo vya eksirei kwenye elektrodi (kipande cha metali kinachopitisha umeme) ya madini ya fedha vilionyesha molekuli zikigeuka namna hiyo chaji ya uso ilipobadilishwa. Kitenzi cha kueleza hilo ni "kuelekea" au "kugeukia". "Kupanga", hata ukikinyambua vipi, hakitaji mwelekeo.

Angalia pia upatanisho wa kiima na kitenzi usipotumia hu-. Wengi huandika "molekuli za maji yanajipanga" kwa sababu "maji" limekaa jirani na kitenzi. Kiima ni molekuli, hivyo zinajipanga.

Ningeandika hivi: "Karibu na uso wenye chaji, molekuli za maji hujipanga kwa matabaka. Chaji ikiwa hasi, zile za tabaka la kwanza huelekeza haidrojeni usoni. Ikiwa chanya, huelekeza oksijeni. Kadiri tunavyouacha uso, ndivyo mpangilio huo unavyofifia."